Mwenye Sauti wa Marshalltown

Observatory, Johannesburg
20 Januari 2019

Kaka Bakiri, shikamoo.

Khatibu kafika na mzigo wako ni mzima. Anasema kaubeba mapajani kutoka Tanga mpaka huku, na kila mpaka alifunguliwa boksi aeleze hilo dude ni nini. Aliponikabidhi aliapa kwamba hatobeba tena kitu chako chochote kisicholiwa. Nilimpa biriani, akapunguza kiapo.

Nililia, kaka. Skana yako, redio yako ya kunasa maongezi ya hewani, uliyokuwa ukitukataza hata kuifuta vumbi, leo unanipa mimi. Najua maana yake. Masikio yamegoma kabisa, na mimi nikipiga simu nitakuwa naongea na shavu lako. Basi tutaandikiana, na Khatibu ndiye posta yetu, anaenda na kurudi na biashara zake.

Nimeiweka kwenye meza ya cherehani. Salum alipanda juu ya bati akafunga waya wa antena, akashuka, akanawa mikono, akaenda kazini. Hakuuliza redio ya nini. Shemeji yako unamjua. Anashinda Marshalltown akilinda jengo la maofisi, anarudi, nikimuuliza habari za kazi anasema "salama". Nikimuuliza chakula, "kizuri". Taarifa ya habari imekwisha. Nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia friji ikiwaza.

Nilikwambia kwenye simu mwaka jana, ulipokuwa bado unasikia, kwamba nataka kurudi Tanga. Bado nataka. Hanipigi, hanitukani, hanilazi njaa. Lakini sikuolewa na ukuta. Nimejipa muda mpaka Yasmin afunge shule mwezi wa Juni, halafu nitaamua. Yeye mtoto hataki hata kuisikia Tanga, ananijibu kwa Kizulu makusudi.

Nifundishe hii redio. Nikiiwasha inakimbiza namba, inasimama, inakoroma, inaondoka tena. Nimesikia marubani, nadhani. Mmoja alikuwa na haraka.

Mdogo wako,
Mwanaharusi

*

Chumbageni, Tanga
9 Februari 2019

Mwana, marahaba.

Umeniandikia kurasa mbili za mume na mistari miwili ya redio. Mimi nitaanza na redio.

Mwambie Salum aushushe huo waya leo hii. Khatibu ananiambia huko kwenu jioni za majira ya joto radi haikosi. Waya juu ya bati, karibu na nyaya za umeme, ni kumwita Izraili kwa jina lake. Aufunge mbali na nyaya, tena aupeleke waya mwingine mpaka ardhini. Na wewe ukiona wingu linajikusanya, chomoa antena, chomoa na umeme, kabla hujasikia hata ngurumo. Radi ikishafika usiiguse tena. Kaa mbali, hata kama marubani wana haraka.

Sauti iwe ndogo. Mimi nilikaa chumba cha redio bandarini miaka na miaka nimebana hedifoni, kila meli ikinong'ona naongeza sauti. Leo hata muadhini namwona mdomo tu.

Lililo kubwa ni sheria. Usidhani kwa kuwa hewa haina mlango basi kila kilichomo ni chako. Unapita njiani, mtu anaongea dirishani kwake, umesikia, huna kosa. Ukivuta kigoda ukakaa chini ya dirisha lake, hiyo sasa ni tabia. Na ukienda kuyasimulia, hiyo ni jinai. Sheria za huko mimi sizijui, na mtu asikudanganye kwamba za kwetu zinavuka mpaka. Nenda Braamfontein ukamwone Lambert. Ni Mkongo wa Bukavu, anafundisha chuoni, na ni mrusha redio wa kujifurahisha mwenye leseni yake. Tumeongea hewani tangu ujana, sauti yake naijua kuliko ya ndugu zangu, uso sijauona. Mpaka akupe njia, izime.

Haya, mume. Baba alipokuwa hayupo tena, mimi ndiye niliyekuoza. Mkono wa Salum niliushika na haukutetemeka. Chumba chako kipo, kimepakwa chokaa. Sitakuita wala sitakuzuia. Ila mtu kunyamaza si lazima awe hayupo.

Kaka yako,
Bakiri

*

Observatory
24 Machi 2019

Kaka, shikamoo.

Waya umeshushwa na kupandishwa upya mbali na nyaya, na mwingine umezikwa ardhini. Salum alifanya kazi hiyo asubuhi nzima ya Jumapili akasema neno moja, "nyundo".

Lambert ni mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa. Nilipotaja jina lako alisimama. Alisema, "Bakiri wa Tanga! Ile sauti! Keti, mama, keti." Nilipomwambia masikio yako yamekwisha akavua miwani akaipangusa. Halafu akanipa darsa. "Mama, kusikia ni kitu moja, kufatilia ya watu ni kitu ingine. Polisi, pita. Ambulansi, pita. Kampuni ya watu, pita. Sisi wa club, utusikilize tu mpaka uchoke, kwetu hakuna siri, tunaongeaka juu ya antena na magoti." Alinisaidia kuandika kuomba karatasi ya ruhusa, na mpaka ilipotoka redio ilikaa ndani ya boksi. Sasa ninayo, nimeibandika ukutani juu ya cherehani, mteja akiuliza namwonyesha.

Basi nashona huku wazee wa club wakilalamikia magoti. Radi zilipoanza, nikachomoa kama ulivyoniagiza. Jirani alinicheka. Wiki ya pili televisheni yake ikaungua, akaacha.

Nikwambie jambo lakini usinifokee.

Siku moja redio ilikuwa inakimbiza namba, ikasimama kwenye Kiswahili. Kiswahili, kaka, katikati ya Johannesburg! Walinzi wa jengo fulani mjini, wengi wao Wakongo, wanaongea kwenye redio kol zao. Nikanyoosha mkono niipite. Hapo akaongea bwana mmoja.

Kulikuwa na mgao wa umeme, na sasa huku unakatika kila siku. Lifti ilikuwa imekwama na watu ndani, na mlinzi mmoja mgeni, Gradi, anapiga kelele redioni kwamba watu wanalia, wanagonga, afanye nini. Huyu bwana akamwambia, taratibu kama anayemvisha mtoto shati: "Gradi, vuta pumzi. Umevuta? Sogea mlangoni uwaulize majina. Mmoja mmoja. Kisha niletee hayo majina hapa." Gradi akaanza kuyataja, na kila jina huyu bwana analirudia, na kwa yule wa mwisho akasema, "Huyo mwambie nimefurahi kumfahamu, tutakunywa chai akitoka." Nikasikia watu wanacheka ndani ya lifti. Wanacheka, kaka, gizani. Walitolewa baadaye, wazima wote.

Nilikuwa nashona dera la mtu. Nilishona mkono ukafungana na shingo.

Tangu hapo namsikiliza kila siku. Ana utani na kila mtu. Wakongo wanamwita "Tonton", yaani mjomba. Wanawake wanaouza barabarani mbele ya jengo, upepo ukiangusha miavuli yao, ndiye anayetuma vijana wakaiokote. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu akikosea anamwambia, "Tuanze tena." Sikujua kuna mwanamume anayeongea hivi. Nikimsikia moyo unanitulia, na habari ya Juni sijui tena niseme nini.

Usiniulize ni nani.

Mwanaharusi

*

Chumbageni
15 Aprili 2019

Mwanaharusi,

Kwa nini nisifoke? Lambert kakwambia kampuni ya watu upite. Hukupita, ukavuta kigoda. Walinzi wanaongea mambo ya funguo na milango. Akisikia mwizi ni msiba, akisikia mshona madera ni kosa lile lile mbele ya sheria. Ifute hiyo namba kwenye redio kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

La pili, nashindwa hata kuliandika. Mke wa mtu, mtoto wa mama yangu, unakaa mchana kutwa kusikiliza sauti ya mwanamume wa njiani mpaka moyo unakutulia! Ndiyo kazi niliyoitumia redio yangu? Ukitaka kuachana na Salum, njoo kwa mlango wa mbele, nitakaa na wazee, tutazungumza. Usiniletee mambo ya "bwana mmoja".

Nimemwandikia Salum. Mimi ndiye niliyekuoza, siwezi kujua nikanyamaza. Khatibu amebeba zote mbili.

Bakiri

*

Chumbageni
15 Aprili 2019

Shemeji Salum, salaam aleikum.

Natumai barua hii inakukuta na afya. Sina maneno mengi na wewe hupendi maneno mengi. Nilimtumia dada yangu redio, na sasa naona nilikosea. Ishushe antena, ifunge redio, umpe Khatibu anirudishie. Na uitazame nyumba yako, shemeji. Mwanamke asiyepata wa kuzungumza naye ndani husikiliza ya nje.

Nisamehe kwa kukuingilia.

Wako,
Bakiri

*

Observatory
12 Mei 2019, Ramadhani

Kaka,

Umeibomoa nyumba katika kuilinda.

Salum alisoma barua yako akiwa amesimama jikoni. Akaikunja. Akapanda juu ya bati, akateremsha antena, akauzungusha waya vizuri kama anavyozungusha kila kitu, akaniwekea mezani. Kesho yake alirudi na tiketi za basi, yangu na ya Yasmin, za baada ya Idi. Akasema, "Za Tanga. Kama ulivyotaka." Kumbe mwaka jana nilipokuwa naongea na wewe kwenye simu alikuwa mlangoni. Amelibeba neno hilo mwaka mzima, na hajalitua.

Yasmin amelia mpaka homa. Salum anafuturu, anashukuru, anatoka kwenda msikitini. Hataki kunitazama. Anadhani nina mtu.

Na mtu ninaye kweli. Bwana wa lifti ni Salum.

Ni Salum, kaka! Mume wangu! Nilimtambua kwenye lile neno "umevuta?", kwa sababu ndivyo alivyoniambia nilipokuwa najifungua Yasmin. Nikabaki nimekodoa macho kwenye redio. Huyu anayechekesha watu gizani ndiye anayenijibu "kizuri". Nilianza kwa hasira, nikasema kumbe maneno anayo, anawapa watu. Halafu siku zikaenda, hasira ikaniisha, nikawa namngoja asubuhi aingie zamu kama binti anayemngoja mchumba. Jioni akirudi namwandalia chakula na kumtazama, nataka kumwambia, "Ulivyomtetea yule mama wa mahindi leo, mashallah." Siwezi. Nitasema nimejuaje?

Na wewe sikukutajia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ningekutajia Salum ungejua ni kampuni gani, na mimi nilikuwa nimeshavunja sheria. Ya pili unaijua. Mwanamke wa kwetu hamsifii mume wake mbele ya kaka yake. Ningeandikaje kwamba nampenda? Nikaona afadhali nimwite bwana mmoja. Akili yangu iliishia hapo.

Namba nimeifuta, siku ile ile, nikiwa bado nina barua yako mkononi. Kumekuwa kimya kama zamani, na kimya cha sasa kinauma zaidi kwa kuwa najua kilichomo.

Nikimwambia ukweli, itambidi awaambie wakubwa zake kwamba redio yao inasikika nyumbani kwake. Anaweza kufukuzwa. Na hata wasipomfukuza, kule ndiko mahali pake pekee anapocheka, nami nimemfuata huko huko kama mpelelezi. Nisipomwambia, baada ya Idi napanda basi.

Nifanye nini?

Mwanaharusi

*

Chumbageni
25 Mei 2019, Ramadhani

Mwana wa mama,

Nimeisoma barua yako barazani, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata habari za kuzaliwa mtoto. Halafu nikaona aibu, nikaingia ndani. Nimemshitaki mke kwa mumewe, na kosa lenyewe ni kumpenda mume huyo huyo. Mzee mzima, na Ramadhani juu.

Nisamehe. Mkosefu mkubwa ni mimi, kwa haraka yangu. Nilikuwa bingwa wa kuwaambia mabaharia warudie maneno kabla sijachukua hatua, na dada yangu sikumwambia arudie.

Sikiliza sasa. Mwambie leo, kabla ya futari au baada, usingoje Idi. Mwambie kosa lako lote bila kulipunguza: ulisikiliza usichoruhusiwa, umeacha, umefuta, hukumsimulia mtu ila mimi. Akitaka kwenda kwa wakubwa zake mwache aende, maana hilo tundu likikaa wazi siku moja atasikiliza mwenye nia mbaya, na roho ya mumeo ndiyo iliyopo pale mlangoni. Kazi ikipotea, ipotee. Mtu wa namna hiyo hakosi kazi.

Lakini usiishie kwenye kosa. Mwambie na ulichosikia. Yale ya lifti, yale ya miavuli, ya mama wa mahindi. Mwambie neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsimulia Salum jinsi Salum alivyo.

Aibu ya kumsifia mume mbele ya kaka nimeifuta mimi, kwa mamlaka niliyokuozea. Msifie utakavyo.

Ningekuwa na masikio ningepiga simu sasa hivi, niisikie hiyo sauti.

Bakiri

*

Observatory
7 Julai 2019

Shemeji Bakiri, salaam aleikum.

Ni mimi, Salum. Mwanaharusi amenipa kalamu akasema zamu yangu. Utanivumilia, sina mazoezi.

Barua yako ya mwisho Khatibu aliileta usiku wa kuamkia Idi. Mwanaharusi hakuisubiri asubuhi. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja akazungumza, mimi nimeinamisha kichwa. Nilidhani atanitajia jina la mtu. Akaanza: "Gradi, vuta pumzi." Shemeji, nilishituka. Akaendelea mpaka kwenye chai na yule wa mwisho. Alikuwa anaigiza sauti yangu, na ananiigiza vibaya, lakini maneno ni yale yale. Nilikuwa nimeshayasahau. Nilidhani yale ni maneno ya kazi, yamekwenda na upepo.

Nilifunika uso. Sikuwa na hasira, nilikuwa nalia, na sikutaka Yasmin aone.

Idi ilipopita nilikwenda kwa msimamizi wetu, Ezéchiel, mtu wa Uvira. Nikamwambia redio zetu zinasikika nje, maongezi yetu yote yako barabarani. Akauliza, "Nani alisikiaka?" Nikasema, "Bibi yangu, nyumbani. Ameshaacha. Kama kuna adhabu nipe mimi." Akafunga mlango. Nikasema moyoni, kazi imekwisha. Akavuta kiti karibu, akaniuliza polepole, "Tonton, na juu yangu alisikia nini?"

Barua ya onyo nimepewa, na ni haki yangu. Ila kazi ninayo. Kampuni imebadilisha redio, sasa zinafunga sauti, mtu wa nje akijaribu anapata kukoroma tu. Hata akiwa Mwanaharusi. Nilipomwambia hivyo alisema alhamdulillahi, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye cherehani. Nilijua anachokililia.

Nikamfuata. Shemeji, nilichomweleza nikueleze na wewe, maana wewe ndiye uliyenipa mkono wake. Mtu akikuita kwenye redio kol, anataja jina lako na anangoja. Usipojibu anaita tena. Kule naongea kwa sababu najua naitwa. Nyumbani alikuwa akiniuliza habari za kazi, mimi nikadhani ni salamu, mtu anajibu "salama" yaishe. Baba yangu aliishi hivyo na mama. Kisha siku ile mlangoni nikamsikia anakwambia anataka kwenda zake, nikaona basi hata hiyo "salama" nayo inamchosha, nikaipunguza. Sikujua kwamba mwenzangu alikuwa anaita.

Tiketi nimezirudisha. Wamekata chao, si kitu.

Antena nimeipandisha, mbali na nyaya, kama ulivyoagiza. Mchana anawasikiliza kina Lambert na magoti yao. Nikirudi nakaa kwenye kiti cha wateja naye anashona, namsimulia siku nzima kuanzia lindo la asubuhi, yale yasiyo ya siri. Gradi sasa anamkaripia kila mtu avute pumzi, hata wanaokuja kulipa bili. Mama wa mahindi kapata mjukuu. Robot ya kona yetu, yaani taa za kuongozea magari, imekufa tena, na kichaa mmoja anaongoza magari vizuri kuliko trafiki. Nilianza kwa kubabaika, naye akawa anasema, "Tuanze tena," nami naanza tena. Sasa nimezoea. Yasmin ananipita anasema, "Eish, baba, bado tu?"

Dada yako ni mwanamke wa ajabu. Alikuwa na sababu zote za kuondoka, akakaa kunisikiliza mimi nisiye na habari. Nimeona niliandike hili ulisome, maana kumwambia yeye nimeshamwambia.

Jana nilikuwa katikati ya habari ya kichaa na magari, akainua kichwa kwenye cherehani, pini mdomoni, akaniambia, "Salum mume wangu, hebu ninyamazie kidogo, pindo linanipotea." Shemeji, tangu niliposhikana mkono na wewe, hiyo ni mara ya kwanza kuambiwa ninyamaze. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kukaa, ndipo nikaomba kalamu.

Wako,
Salum